Grapefruit siyo zabibu, ni balungi, na kutolijua jina kunatugharimu

Leo sitaongelea mbolea wala dawa ya kupulizia. Nataka tuongee kuhusu neno moja la Kiingereza, grapefruit, na kuhusu tunda ambalo wengi wenu mnalo nyuma ya nyumba, linaanguka na kuozea chini. Najua kuna atakayesema bwana shamba leo ameishiwa mada. Nisomeni mpaka mwisho kwanza, halafu tubishane.

Kwa wanaozungumza Kiingereza, grapefruit ni neno la kila siku kama sisi tunavyosema chungwa. Utalikuta kwenye menyu ya kifungua kinywa hotelini, kwenye boksi la juisi, kwenye sabuni yenye harufu ya tunda hilo, na kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa. Wao wakilisikia wanajua ni kitu gani. Sisi ndio tunahangaika, kwa sababu tukilikata vipande viwili tunapata "grape", ambayo tulifundishwa shuleni ni zabibu, na "fruit", ambayo ni tunda. Basi tunaunga: tunda la zabibu. Mashine za kutafsiri nazo zinafanya hivyo hivyo. Nimeshasoma makala za afya za Kiswahili, zaidi ya moja, zinazomwambia mgonjwa aepuke "juisi ya zabibu" akiwa anatumia dawa fulani, na nikiangalia maelezo ya Kiingereza nakuta walikuwa wanasema grapefruit.

Ndugu zangu, grapefruit siyo zabibu. Ni balungi. Mti wake ni mbalungi, na ni ndugu wa mchungwa, mchenza, mlimau na mndimu. Haina undugu wowote na mzabibu unaolimwa Dodoma.

Msimamo wangu wa leo ni huu: kutolijua jina hili kwa lugha zote mbili kunatupotezea hela, kunatufanya tupande mti ambao hatukuutaka, na baya zaidi, kunaweza kumdhuru mtu anayemeza dawa. Na kazi ya kurekebisha siyo ya watu wa lugha peke yao. Ni yetu sisi wa shambani, wauza miche na wahudumu wa afya.

Zabibu imeingiaje hapa?

Balungi ni tunda changa katika historia. Machungwa na mafurungu asili yake ni Asia. Wazungu waliyapeleka visiwa vya Karibi, na huko mimea hiyo miwili ikakutana na kuchavushana yenyewe bila mtu kupanga. Mtoto aliyezaliwa ndiye balungi: mzazi mmoja furungu, mzazi mwingine chungwa. Mwaka 1750 mchungaji Griffith Hughes, aliyeandika habari za kisiwa cha Barbados, alitaja tunda la huko lililoitwa kwa jina lenye maana ya tunda lililokatazwa. Neno grapefruit lenyewe linaonekana mwaka 1814 kwenye kitabu cha John Lunan kuhusu mimea ya Jamaica.

Kwa nini waliingiza zabibu? Maelezo yanayokubalika na wengi ni haya: matunda haya hukaa kwenye tawi yakiwa yamesongamana, manne, matano au zaidi pamoja, kama kichala cha zabibu. Kama una mbalungi nyumbani, toka nje ukautazame msimu ukifika, utaona mwenyewe. Kwa hiyo zabibu iliingia kwa sababu ya namna tunda linavyoning'inia. Halihusiani na aina ya tunda.

Na tusijidharau kwamba ni sisi tu tunaochanganya. Wafaransa kwa mazungumzo ya kawaida wanaliita balungi pamplemousse, jina ambalo zamani lilikuwa la furungu, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wanalijua kwa jina hilo. Kiingereza nacho kiliwahi kutumia neno pomelo kwa matunda yote mawili. Hata takwimu za FAO zinayaweka balungi na furungu kwenye fungu moja, ndiyo maana ukisoma kwamba China inaongoza duniani kwa "balungi", ujue sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni mafurungu.

Sisi Kiswahili chetu kina majina matatu yaliyo wazi, ila mtaani tunayachanganya. Kuna sehemu kila tunda kubwa la jamii ya machungwa linaitwa balungi, na sehemu nyingine kila chungwa chachu linaitwa danzi. Tuyatenganishe leo.

1. Balungi. Ni kubwa kuliko chungwa la kawaida. Ganda ni laini na unene wake ni wa wastani. Ndani ni jeupe la kuelekea njano, au la pinki, au jekundu. Lina maji mengi, na ladha yake ina utamu, uchachu na uchungu kwa pamoja. Matunda hukaa kwa vichala.

2. Furungu. Ndilo kubwa kuliko yote, mengine yanafika ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ganda ni nene sana na ndani yake ni kama sponji. Ngozi ya vipande ni ngumu, unaibandua, na nyama ya ndani haitiririki maji ovyo. Halina uchungu mkali kama balungi. Mara nyingi huning'inia moja moja.

3. Danzi. Ukubwa wake ni kama chungwa. Ganda lina mikunjo na mabonde, mbegu ni nyingi, na ni chachu na chungu kiasi kwamba huwezi kulila kama chungwa. Linafaa kwenye mboga, achari na jemu.

Ukitaka kutambua mti kabla haujazaa, tazama kikonyo cha jani. Miti ya jamii hii ina kijani kidogo kilichobandikwa kwenye kikonyo, kama bawa. Kwa mchungwa bawa hilo ni jembamba, kwa mbalungi ni pana, na kwa mfurungu ni pana zaidi, mara nyingi lina umbo la moyo. Matawi machanga ya mfurungu pia yana vinyweleo ukiyashika.

Hasara ya kwanza: afya

Hapa ndipo naomba mtulie. Mama mmoja mtu mzima katika kata ninayohudumia alinisimamisha nikiwa natoka kukagua shamba la jirani yake. Baada ya kumwamkia na kuitikiwa, akanionyesha vidonge vyake vya presha. Akaniambia, "Mwanangu, kule hospitali wameniambia na hizi dawa nisile zabibu. Sasa zabibu mimi nazitoa wapi? Tangu nizaliwe nimezila mara mbili, harusini. Mimi nakunywa maji yangu ya balungi tu asubuhi, si yanashusha presha?"

Umeona hapo? Mama wa watu anatii maelekezo kwa asilimia mia, na wakati huo huo kila asubuhi anakunywa kile kile alichokatazwa. Aliyemshauri alikuwa na nia njema. Neno tu ndilo lililopotea njiani. Nilimwambia, "Mama, hilo balungi ndilo linalosemwa. Rudi kwao na vidonge vyako, uwaulize kwa kulitaja balungi kwa jina lake." Akaenda, akaambiwa aache juisi ile na aendelee na dawa kama kawaida.

Nieleze kwa kifupi kinachotokea mwilini. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya ambacho kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Watengenezaji wa dawa wanalijua hilo, na kipimo cha kidonge kimeshazingatia kwamba sehemu fulani itapotea hapo. Balungi lina kemikali zinazoitwa furanokumarini. Hizi zinakizima kile kimeng'enya. Kikizimwa, dawa inayoingia kwenye damu inakuwa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Umemeza kidonge kimoja, mwili unaona kama umemeza viwili au zaidi.

Jambo hili liligunduliwa Kanada, tena bila kutafutwa. Daktari David Bailey na wenzake walikuwa wanachunguza kama pombe inaathiri dawa ya presha iitwayo felodipine, na wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Wakakuta kiwango cha dawa kwenye damu kimepanda kupita matarajio, na mwisho wakabaini mhusika ni juisi. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1989.

Mambo manne ya kushika:

- Siyo dawa zote. Zinazotajwa sana ni baadhi ya dawa za presha kama felodipine na nifedipine, baadhi ya dawa za kushusha mafuta kwenye damu kama simvastatin na atorvastatin, dawa ya kifafa ya carbamazepine, na dawa wanazotumia waliopandikizwa figo. Majina nimeyaacha kama yalivyo kwenye boksi ili uweze kulinganisha.

- Dawa mseto ya malaria yenye artemether na lumefantrine nayo maelezo yake yanataka tahadhari na juisi ya balungi. Hii inatuhusu moja kwa moja, maana malaria ni ya kwetu.

- Kupishanisha saa hakusaidii sana. Tunda moja zima au glasi moja ya juisi inatosha kukizima kile kimeng'enya, na mwili unahitaji siku moja mpaka tatu kutengeneza kingine. Kwa hiyo ile ya "nitameza dawa asubuhi, balungi nitakula jioni" haikuokoi.

- Furungu na danzi nayo yana kemikali hizo. Machungwa matamu ya kawaida na machenza hayana shida hii. Sasa ona umuhimu wa kutenganisha majina: mgonjwa akiambiwa tu "acha machungwa", atanyimwa tunda zuri bila sababu, na akiambiwa "acha zabibu", ataendelea na hatari.

Nasisitiza, na mnielewe vizuri: usiache dawa kwa sababu umesoma hapa. Ukiwa na wasiwasi, acha balungi kwanza, endelea na dawa, nenda kamuulize daktari au mfamasia. Mimi ni mtaalamu wa mimea, siyo wa tiba. Lakini tunda ni letu sisi wa kilimo, na anayelijua tunda ana wajibu wa kusema hili ni lipi.

Kuna na hili la kuchemsha maganda ya balungi eti yanatoa kwinini ya kutibu malaria. Linazunguka sana kwenye simu. Siyo kweli. Kwinini inatoka kwenye gome la mti wa mkwinini, ambao ni wa ukoo mwingine kabisa. Uchungu wa balungi unatoka kwa kitu kinachoitwa naringini. Vitu viwili kuwa vichungu hakuvifanyi kuwa dawa moja, kama vile shubiri na mwarobaini ni vichungu vyote na havifanani. Sasa fikiria mtu mwenye malaria anayekunywa dawa mseto huku anashushia na maji ya maganda ya balungi. Anadhani anajisaidia mara mbili.

Hasara ya pili: mche

Mkulima anaponiambia, "Bwana shamba nataka kupanda grapefruit," swali langu la kwanza ni, "Umeshaona mti mama?" Kwa sababu akienda kwa muuza miche wa barabarani akasema grapefruit, atauziwa chochote chenye majani mapana. Baada ya miaka kadhaa anaanza kuvuna madanzi.

Kuna tofauti ya kitaalamu inayofanya jina kuwa na uzito hapa. Mbegu moja ya balungi kwa kawaida hutoa miche zaidi ya mmoja, na mingi kati ya hiyo inafanana na mama yake. Mbegu ya furungu hutoa mche mmoja ambao ni mchanganyiko wa baba na mama, kwa hiyo huwezi kujua utapata tunda la namna gani. Mtu aliyepanda mbegu za furungu akidhani ni balungi hawezi kuahidi chochote kwa mteja wake. Na hata balungi la mbegu, ingawa litafanana na mama, litakuchelewesha sana na lina miiba mingi. Mche wa kubebesha unaanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4 ukitunzwa.

Ukinunua mche wa kubebesha, uliza umebebeshwa juu ya mti gani. Balungi lililobebeshwa juu ya mdanzi liko hatarini na ugonjwa wa virusi uitwao tristeza, unaosambazwa na vidukari. Kwenye maeneo yenye ugonjwa huo mti unanyauka na kufa ukiwa bado unakupa matumaini. Mlimau wenye ganda lenye chunusi unastahimili tristeza vizuri zaidi, ila haupendi udongo unaotuamisha maji, shina litaoza. Kwa hiyo chagua kulingana na shamba lako, panda juu kidogo ya usawa wa ardhi, na hakikisha sehemu ya kiungo haifunikwi na udongo. Nafasi ya mita 7 hadi 8 kati ya mti na mti inatosha, maana mbalungi unapanuka kuliko mchungwa.

Kingine ni usafi wa mche. Florida ilikuwa mfalme wa balungi duniani. Msimu wa 2003/04 walivuna zaidi ya maboksi milioni 40. Mwaka 2005 ugonjwa wa kijani wa michungwa ukathibitishwa huko, na pamoja na vimbunga na kung'olewa kwa mashamba, kufikia msimu wa 2022/23 walikuwa chini ya milioni 2. Ugonjwa huu unaenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, na pia kwa miche na vikonyo vyenye ugonjwa. Kama ulivyowakuta wenzetu wenye hela na maabara, sisi wa kuokota vikonyo kwa jirani tuwe macho zaidi. Chukua vikonyo kwenye mti unaoujua, wenye afya, na unaoujua kwa jina lake.

Hasara ya tatu: soko

Mkulima mmoja kijana alipigiwa simu na mnunuzi wa hoteli mbele yangu. Akaulizwa, "Kaka, una grapefruit?" Akajibu haraka, "Hapana kaka, mimi nina machungwa na mabalungi tu." Mnunuzi akashukuru, akakata simu. Nikamwambia kijana, mpigie haraka, ulichoulizwa ndicho ulichonacho. Alipiga, na mzigo ukaondoka wiki ile ile. Tulicheka, lakini nilijiuliza ni simu ngapi za namna ile zimekatwa bila mtu kuwa karibu wa kumshtua.

Maeneo kama Muheza machungwa yanajulikana na wanunuzi wanayafuata yalipo. Balungi bado ni mti wa nyuma ya nyumba, halina mtu wa kulisemea. Wakati huo huo Afrika Kusini ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa balungi nje ya nchi yao, kwa jina hilo hilo la grapefruit. Hawana siri kubwa kutushinda. Wanajua wanachouza, wanakipa jina, aina na rangi.

Na rangi ndiyo jambo lingine la kumwambia mnunuzi. Balungi jekundu linapendwa sana sokoni. Wekundu wake unatokana na laikopini, ile ile ya kwenye nyanya na tikiti, na inakuwa nzuri kwenye joto. Kwa hiyo ukanda wetu wa chini wenye joto ni mahali pake. Aina nyekundu zilianza kujulikana kutoka Texas miaka ya 1920 na 1930, halafu zikaja Star Ruby mwaka 1970 na Rio Red mwaka 1984. Balungi jeupe lisilo na mbegu nyingi linajulikana kwa jina la Marsh. Ukijua aina yako, taja. "Nina balungi" inaleta bei moja, "nina balungi jekundu, Star Ruby, limekomaa" inaleta mazungumzo mengine.

Lakini mwambie mnunuzi ukweli kuhusu ganda. Kwetu kwenye joto mchana na usiku, ganda linaweza kubaki na ukijani hata tunda likiwa limekomaa vizuri. Unjano wa kwenye picha unaletwa na baridi ya usiku. Usivune kwa kutazama ganda. Chuma mawili matatu, kata, onja, angalia wingi wa maji. Balungi haliivi likishachumwa kama embe au ndizi. Ulivyolichuma ndivyo litakavyobaki. Uzuri wake ni kwamba likishakomaa linaweza kukaa mtini kwa wiki nyingi huku uchachu ukipungua, kwa hiyo mti ni ghala lako. Vuna kwa oda.

Na kama chakula je?

Nisionekane nimekuja kulitukana tunda. Kwa mtu asiye na dawa zinazogongana nalo, balungi ni chakula kizuri. Karibu asilimia 90 ni maji. Gramu 100 zina takriban miligramu 31 hadi 33 za vitamini C, na mtu mzima anahitaji kama miligramu 75 hadi 90 kwa siku, kwa hiyo tunda moja la wastani linakufikisha. Nguvu yake ni ndogo, kilokalori 30 hadi 42 kwa gramu 100, linashibisha bila kukunenepesha.

Lakini tusilipe sifa zisizo zake. Chungwa linalishinda kwa vitamini C. Na hiyo habari kwamba balungi linachoma mafuta mwilini imezunguka Marekani karibu miaka mia moja na bado haina ushahidi. Ukila balungi badala ya maandazi utapungua kwa sababu umeacha maandazi.

Wanaolikwepa kwa uchungu, tatizo ni namna ya kulimenya. Uchungu mwingi uko kwenye ule weupe wa chini ya ganda na kwenye ngozi ya vipande. Menya mpaka weupe uishe, bandua ngozi ya kila kipande, kula nyama ya ndani tu. Nyunyiza chumvi kidogo sana. Chumvi inaufunika uchungu kuliko sukari, na wa pwani mnaoongeza pilipili hamjakosea. Juisi ikamuliwe na kunywewa papo hapo, ikikaa uchungu unaongezeka.

Ninachoomba

Kuna wenzangu wa kilimo wanaosema tuachane na balungi, tuseme grapefruit tu, ndilo jina la soko. Sikubaliani nao. Mama yule wa presha hakulijua grapefruit na hatalijua. Kuna wengine wanasema tubaki na Kiswahili peke yake, mnunuzi ajifunze. Nao sikubaliani, maana simu ikikatwa imekatwa. Ninachotaka ni majina mawili yaende pamoja, yasiachane.

Muuza miche, andika kwenye kibao: balungi, grapefruit, aina yake, na mti uliobebeshwa juu yake. Mkulima, kwenye tangazo lako la simu andika majina yote mawili. Muuguzi na mfamasia, mnapomwambia mgonjwa, semeni balungi, furungu na danzi, na kama mna picha muonyesheni, maana majina ya kijiji kimoja siyo ya kijiji kingine. Na wewe unayetafsiri makala za afya, ukikutana na grapefruit usiandike zabibu. Kama mashine imekuandikia zabibu, ifute.

Wewe uliyenisoma hadi hapa nakupa kazi moja ndogo. Leo jioni muulize mzee mmoja nyumbani kwenu anatumia dawa gani na anakunywa nini asubuhi. Akisema maji ya balungi, chukua boksi la dawa, nenda naye kituo cha afya mkaulize. Mbalungi wenu hautakatwa. Yeye atapewa chungwa, na mabalungi mtayauza.

Mwenye mti asioujua jina lake, piga picha ya jani likionekana na kikonyo chake, tunda zima na tunda lililokatwa, unitumie. Nitakuambia ni nani huyo. Kilimo chema.